Kusikiliza Kamera Kuukuu

Olympus Trip 35 haihitaji betri. Lenzi yake imezungukwa na pete ya vijicho vya kioo, na nyuma ya vijicho hivyo kuna seleniamu, ambayo ikipigwa na mwanga huzaa umeme kidogo sana, wa kusogeza sindano ya mita ya mwanga na basi. Kwa hiyo anayeikuta kwenye duka la hisani, iwe Leeds au Ohio, anaweza kuipima palepale bila kumwomba mtu chochote. Anazungusha kigurudumu cha mkanda, anaweka alama ya A, anaziba lenzi kwa kiganja na kubonyeza. Kamera inatakiwa igome: kibendera chekundu kichomoze ndani ya dirisha la kutazamia na picha isipigwe. Kisha anasogea mlangoni, anaielekeza nje kwenye mwanga na kubonyeza tena. Safari hii inatakiwa ikubali. Ikigoma hata mbele ya jua, seleniamu imekufa. Isipogoma gizani, kuna kitu ndani kimeganda. Kamera hii ilitengenezwa tangu 1967 hadi 1984, na kwa nusu dakika tu inakuwa imekwisha kueleza hali yake.

Wanaookota kamera nzuri kwa bei ya kutupa huambiwa wana nyota. Mimi siamini. Ukiwatazama wanavyoshika, wanavyogeuza na wanavyotega sikio, unaona ujuzi wa mama sokoni anayetikisa nazi kabla ya kutoa hela. Anachokisikia yeye, sisi wengine hatukisikii, na hajabahatisha.

Kamera hizi hufika madukani kwa njia moja ya kusikitisha. Mzee amefariki au amehamia nyumba ndogo, watoto wanakuja kusafisha kabati, na kila wasichokitambua wanakipeleka kwa Goodwill, shirika lililoanzishwa Boston mwaka 1902 na mchungaji Edgar Helms, au kwa Oxfam kama wako Uingereza. Wasomaji wa masoko ya Gikomba na Karume wanaijua safari hiyo kwa upande wa nguo: zisizonunuliwa kwenye maduka ya hisani huuzwa kwa jumla, na sehemu yake hufunguliwa kwenye marobota huku kwetu. Kamera hubaki huko kwao, kwenye kabati la kioo karibu na keshia, na kibandiko cha bei kilichowekwa na mtu wa kujitolea ambaye kwake kamera zote ni kamera.

Nyingi kwa kweli si kitu. Kodak ilipozindua Instamatic mwaka 1963, ilichukua miaka saba tu kuvuka milioni 50, ndiyo maana hadi leo hukosi moja kwenye kabati lolote. Lakini kasha lake la filamu, la namba 126, viwanda viliacha kulitengeneza. Brownie Hawkeye nayo hula filamu ya 620, ambayo vilevile haipo madukani. Hapa ndipo mjuzi anapokawia kidogo. Anajua kwamba 620 ni filamu ileile ya 120 inayouzwa hadi leo, tofauti ikiwa kwenye kigurudumu cha kuizungushia, chembamba zaidi. Hivyo hatazami kamera kwanza. Anafungua mgongo kuangalia kama kigurudumu cha zamani kimesahaulika humo ndani. Kikiwapo, ataingia chumba cha giza nyumbani na kuhamishia filamu ya 120 juu yake kwa vidole. Kisipokuwapo, anarudisha kamera kabatini.

Nimesema anafungua mgongo, ila kuna jambo linatangulia. Kamera ya mkanda wa milimita 35 haifunguliwi kabla ya kugusa kile kishikizo cha kurudishia mkanda upande wa kushoto. Kinazungushwa taratibu. Kikizunguka bure, kamera ni tupu. Kikipinga, kuna mkanda ndani, na kuufungulia kwenye taa za duka ni kuunguza picha za watu. Mjuzi huurudisha wote kwenye kasha lake kwanza, kisha ndipo hufungua. Mkanda huo ukiwa ni Kodachrome, rangi zake hazipatikani tena: maabara ya mwisho duniani ya kuisafisha, Dwayne's Photo huko Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa 2010. Unaweza kusafishwa kama picha za rangi nyeusi na nyeupe tu, na mara nyingi hata hizo hazitoki.

Sasa tuchukue Pentax K1000, kwa sababu ndiyo inayofundisha vizuri. Ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, na ni chuma na springi. Betri yake ndogo kama ya saa inalisha mita ya mwanga peke yake, kila kingine kinaenda bila umeme. Mgongo ukishafunguliwa, kidole kinapita kwenye sponji za kuzuia mwanga kwenye kingo za mlango. Karibu kila mara zimeoza na kuwa utando mweusi unaonata. Mnunuzi mgeni hushtuka, anadhani kamera imeharibika. Mjuzi anafuta kidole kwenye suruali na kuendelea, maana sponji mpya ni kazi ya jioni moja.

Anaweka shata, yaani mapazia yanayopitisha mwanga, kwenye sekunde moja, anabonyeza na kusikiliza. Kitu kinafunguka, magurudumu madogo yanavuma kwa mfululizo, kitu kinafunga. Mvumo ukikwama katikati kisha ukamalizia, mafuta yameganda. Anapanda ngazi: nusu sekunde, robo, mpaka juu kabisa, 1/1000. Huko juu sikio halina kazi tena. Anaelekeza kamera kwenye taa, jicho kwenye mgongo ulio wazi, na kubonyeza mara kadhaa. Anatakiwa kuona mmweko uliojaa fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia moja la shata linalikimbiza jingine na kulikamata njiani. Nusu ya picha itatoka bila mwanga. Hilo si la jioni moja. Hilo ni la fundi, na mafundi wa kazi hii wamebaki wachache, na ujira wao unaweza kuzidi bei ya kamera.

Canon AE-1 ni mdogo wake kwa tabia ingawa walizaliwa mwaka mmoja. Yenyewe bila betri ya volti sita haipigi hata moja, na duka halina betri hiyo, kwa hiyo mwenye kuijua kazi hii hutembea nayo mfukoni. Akiiweka na kubonyeza, huenda akasikia mkwaruzo mwembamba, wapenzi wake huuita kikohozi. Ni mitambo ya kioo cha ndani iliyokaukiwa. Tone la mafuta mahali panapostahili linaiponya, na wauzaji wengi wasiojua hilo hushusha bei kwa ajili yake.

Nadhani kiini cha ufundi wote kiko hapa. Kamera kuukuu ina makosa yanayotisha macho bila kudhuru picha, na ina makosa yasiyoonekana yanayoiua. Sponji iliyooza, vumbi ndani ya lenzi, ngozi iliyobanduka, chumvi ya betri iliyovuja ambayo siki inaitoa: haya yote ni sura tu. Lenzi ya Super-Takumar ya milimita 50, ile yenye uwazi wa f/1.4, huwa imegeuka njano kama chai kwa sababu ya thoriamu iliyochanganywa kwenye kioo chake. Asiyejua hudhani imeharibika, anayejua huiacha juani siku nyingi hadi weupe urudi. Kwa upande mwingine kuna lenzi inayong'aa ambayo bapa zake za kubana mwanga zimelowa mafuta, zinajifunga polepole kuliko shata. Kuna ukungu, ule ambao watu wa Pwani tunaufahamu kuliko wengi, nyuzi zinazotambaa kati ya kioo na kioo mahali pasipofikiwa na kitambaa. Ukiwa mchanga unasafishika. Ukizeeka unakula utando wa kioo chenyewe, na hapo hakuna dawa. Tochi ya simu ikipitishwa kwa mshazari kutoka nyuma ya lenzi huuonyesha. Ikimulikwa moja kwa moja kutoka mbele huuficha. Bei ya dukani hufuata sura. Mnunuzi mzuri anaishi kwenye pengo hilo.

Kisha ulikuja mnada wa mtandaoni, na mkono ukanyang'anywa kazi. eBay ilianza 1995. Mwaka 1999 Goodwill wenyewe wakafungua mnada wao wa intaneti, na tangu hapo sehemu kubwa ya kamera za maana huchambuliwa stoo na kupigwa picha kabla hazijaliona kabati la kioo. Wako wanaolalamika, na ninawaelewa. Ila kuna jambo moja la kupendeza lililotokea: ujuzi uliokuwa wa vidole na sikio umegeuka kuwa ujuzi wa kusoma.

Kinachosomwa kwanza ni kisichopigwa picha. Muuzaji ameweka picha kumi na mbili, hakuna hata moja ya chumba cha betri. Ameonyesha lenzi kwa mbele tu. Ameandika "haijajaribiwa", na ukifungua orodha ya bidhaa zake unakuta kamera mia na betri za kila aina. Huyo amejaribu. Mtu mwingine ameandika neno hilohilo, bidhaa zake nyingine ni sahani na kiti cha kutikisika, na kamera ameipiga picha kwenye meza ya jikoni juu ya kitambaa cha maua. Huyo pengine anasema kweli, na kwake inafaa kuhatarisha. Baadhi ya wauzaji wa Japani huandika "karibu mpya" kwa herufi kubwa na kuongeza alama za kujumlisha, halafu mistari mingi chini, kwa herufi ndogo, wanakiri ukungu kidogo. Hawajadanganya. Wametegemea usifike chini.

Uongo wa kweli uko kwenye Leica, kamera za Kijerumani za kiwanda cha Leitz. Juni 2022, huko Wetzlar, kamera ya Oskar Barnack mwenyewe, mbunifu wa Leica, namba 105, ilinunuliwa kwa euro milioni 14.4, na bei za namna hiyo huvuta mafundi wa aina nyingine. Kharkiv, katika kituo cha kulelea watoto, tangu 1934 zilitengenezwa kamera za FED kwa kuiga Leica II, na FED hizo pamoja na ndugu zake Zorki zimechongwa upya tai za jeshi la Ujerumani na jina la Leitz kwa maelfu. Mjuzi hapotezi muda kusoma maandishi. Anamwomba muuzaji picha moja, lenzi ikiwa imetolewa. Kile kidole cha ndani kinachogusana na lenzi kwa ajili ya kupima umbali, kwenye Leica kina kigurudumu cha mviringo. Kwenye FED na Zorki ni kabari. Waghushi wengi hawajisumbui kukibadilisha.

Kuhusu kutaja bei, mfumo wenyewe hukupandishia hatua kwa hatua hadi kikomo ulichoweka, na mshindi hulipa kidogo juu ya aliyemfuata. Mchumi William Vickrey aliufafanua mnada wa jamii hii mwaka 1961. Wazoefu huweka kikomo chao sekunde za mwisho ili wasiamshe ushindani. Mimi naona sekunde si hoja. Hoja ni kuandika namba hiyo mapema, wakati damu imetulia.

Pia kuna vya kuacha. Contax T2 ilikuwa kamera nzuri ya mfukoni ya mwaka 1990. Mwanamitindo Kendall Jenner alipoitaja kwenye televisheni mwaka 2017, bei ikapaa. Ni ya kielektroniki, ikifa imekufa, na pesa zake zinanunua K1000 kadhaa. Siioni sababu.

Kifurushi kikifika, kazi bado. Mkanda wa kwanza si wa picha za harusi. Unapigwa ukutani na uani, kila kasi ya shata mara moja, na daftari pembeni. Ukishasafishwa, unasomwa kama daktari asomavyo vipimo: doa la mwanga likirudia ukingo uleule kila picha, ni sponji, upande mmoja ukizidi giza kwenye kasi za juu, ni pazia, picha zote zikiwa zimekosa mwanga kwa kiasi kimoja, ni mita, na huenda ni kwa sababu iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 na sasa inalishwa ya 1.5. Hiyo ya mwisho haimtoi jasho. Anapunguza kidogo ASA, ile namba ya wepesi wa mkanda kuhisi mwanga, na kuweka mkanda wa pili.