Tone Moja la Bureti

Chukua silinda ya kupimia, uijaze maji hadi alama ya mililita 100. Pima gramu 100 za mchanga mweusi uliooshwa na kukaushwa, uumwage humo taratibu, kisha usome maji yamepanda kiasi gani. Yakipanda mililita 14 hivi, ulicho nacho ni kasiteriti, yaani madini ya bati, iliyokaribia kuwa safi, maana uzito wake ni kama mara saba ya maji. Yakipanda 38, umebeba mchanga mtupu. Kati ya 14 na 38 ndimo yalimo mabishano yote ya bei, na Walikale, mashariki mwa Kongo, inayajua mabishano hayo vizuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapagazi walitoka mgodi wa Bisie wakikata msitu kwa miguu, kila mmoja na kilo 50 mgongoni, hadi Ndjingala. Ndege ndogo zilikuwa zikitua kwenye kipande cha lami pale Kilambo na kuondoka na mzigo kwenda Goma. Mawe hayo yalipita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na makadirio yake.

Makadirio ya mkono yana heshima yake. Mchimbaji aliyezoea huinua kiganja cha mchanga na kukuambia kama ni mzuri, na mara nyingi huwa amepatia. Lakini mkono hauandiki namba. Ukimkatalia, hana cha kukuonyesha. Ninachokisifu hapa ni kazi ya fundi wa maabara, mtu ambaye akikupa jibu anaweza pia kukupa njia nzima aliyoipitia, hatua kwa hatua, ili anayetilia shaka airudie mwenyewe.

Hata ile silinda ina ujuzi wake. Punje zikiingia majini huvuta vipovu vya hewa vinavyozing'ang'ania, na kila kipovu kinapandisha maji bila haki, hivyo jiwe zuri likaonekana hafifu. Fundi hutia tone la sabuni, akagonga silinda kwa kidole, akasubiri. Kisha anainama mpaka jicho lake liwe sawasawa na uso wa maji, kwa sababu maji ndani ya kioo hayalali bapa: yanapanda kidogo ukingoni na kubonyea katikati, na kipimo husomwa chini kabisa ya ule mbonyeo. Anayesoma akiwa amesimama, akitazama kutoka juu, hujipatia namba kubwa kuliko iliyopo. Ukimwona mnunuzi anasoma hivyo, mwambie ainame.

Uzito pekee, hata hivyo, hautoshi, maana kuna mawe ya chuma meusi yenye uzito wa mara tano ya maji ambayo hujificha vizuri kabisa ndani ya kasiteriti. Hapo kuna jaribio dogo ninalolipenda kwa urahisi wake. Weka punje chache juu ya kipande cha zinki, uzidondoshee asidi hafifu ya haidrokloriki, usubiri dakika chache. Zinki inachemka kwa mapovu madogo, na hidrojeni inapozaliwa pale pale kwenye uso wa punje, kasiteriti huvikwa ngozi ya kijivu. Ioshe, uisugue kwa kitambaa, inang'aa: hiyo ni bati halisi, imetokea mbele ya macho yako. Punje ya chuma hubaki nyeusi kama ilivyokuja.

Sasa umeshajua kwamba bati imo. Imo kiasi gani? Kasiteriti iliyo safi kabisa ina bati asilimia 78.8, na hakuna gunia linalofika huko. Kati ya gunia la asilimia 60 na la asilimia 65, yote ya kilo 50, kuna tofauti ya kilo mbili na nusu za bati. Jicho haliwezi kuiona, wala silinda haitoshi. Kazi hii ni ya bureti.

Bureti ni mrija mrefu wa kioo uliosimamishwa wima, wenye mistari ya kila sehemu moja ya kumi ya mililita, na bomba dogo chini la kufungulia tone kwa tone. Ni Mjerumani Karl Friedrich Mohr ambaye katikati ya karne ya 19 alikipa chombo hiki umbo tunalolitambua leo, na mwanzoni alitumia kipande cha mpira kilichobanwa kwa kibanio badala ya bomba la kioo. Chini yake hukaa flaski ya koni, aliyoitangaza Emil Erlenmeyer mwaka 1860: kitako kipana, shingo nyembamba, ili uizungushe kwa mkono mmoja bila kumwaga hata chembe. Vyombo hivi viwili vimeumbwa kufanya kazi pamoja. Kushoto unashika bomba, kulia unazungusha.

Lakini kabla ya kufika hapo kuna safari. Kasiteriti haiyeyuki katika asidi ya kawaida, hata ukiichemsha mchana kutwa. Lazima isagwe iwe laini, ipimwe kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, ichanganywe na peroksidi ya sodiamu katika kalibu ya zirkoni au nikeli, iyeyushwe kwa moto mkali mpaka chini ya kalibu kuwe na wekundu unaotiririka. Chembe ya karatasi au mafuta ikiingia humo inaweza kulipuka, na ndiyo maana fundi mzuri ni mtu wa usafi kupindukia. Kisha kalibu hupozwa, vilivyomo huyeyushwa kwa maji na asidi, na bati hupunguzwa kwa chuma au alumini iwe katika hali ile inayokubali kupimwa. Hali hiyo ni ya muda mfupi. Hewa ikiigusa, oksijeni inairudisha ilikotoka, kwa hiyo flaski hujazwa hewa ya ukaa na kufunikwa hadi ipoe.

Ndipo unapotia wanga kidogo na kufungua bureti yenye iodini. Kila tone la iodini linameza bati iliyo mbele yake na rangi yake inapotea. Tone, zungusha, imepotea. Tone, zungusha. Bati ikiisha, tone linalofuata halina cha kumeza, linakutana na wanga, na flaski nzima inageuka bluu. Unafunga na kusoma.

Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05. Tuseme mizani na iodini vimepangwa ili asilimia 60 ya bati itumie mililita 20. Tone moja basi ni sehemu moja ya 400. Ukizidisha tone hilo kwa uzembe, umeongeza asilimia 0.15, na katika tani moja ya madini ni kilo moja na nusu za bati ambazo hazikuwepo. Ukilipunguza, umempokonya mchimbaji kiasi hicho hicho. Kwa hiyo sampuli hiyo hiyo hupimwa tena, na tena, na fundi haandiki jibu mpaka vipimo vikubaliane.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Vyombo vya kupimia ujazo huandikwa 20°C, joto ambalo vilisahihishiwa. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 30 hutanuka kwa robo ya asilimia, ambayo katika mililita 20 ni tone lile lile moja. Milima ya Masisi, jirani na Walikale, ina ubaridi inapofika mita 2,000; bonde la msitu la Walikale lina joto la jasho. Myeyusho uliopimwa nguvu yake asubuhi ya baridi na kutumiwa alasiri ya jua kali hautoi jibu lile lile. Dawa yake ni kuupima nguvu palepale, siku ileile, kwa bati inayojulikana. Kazi ya saa nzima, kwa ajili ya tone moja.

Masisi inatuletea jiwe gumu zaidi. Koltani ya Rubaya, ambayo Umoja wa Mataifa umeikadiria kuwa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, inadai asidi ya haidrofloriki, na asidi hiyo hula kioo. Bika, flaski, pipeti, bureti, familia nzima ninayoisifu haifai kuishika. Unahitaji platinamu au plastiki ya tefloni. Asidi hiyo hupenya ngozi na kufuata kalsiamu hadi mfupani. Anders Gustaf Ekeberg, Msweden aliyeigundua tantali mwaka 1802, alikuwa na jicho moja tu lililoona, jingine liliharibiwa na chupa ya maabara iliyolipuka mkononi mwake. Na hata baada yake, ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya mkemia Marignac wa Geneva kuitenganisha vizuri tantali na niobi ndugu yake, mwaka 1866. Simu iliyo mfukoni mwako ina kazi hiyo ndani yake.

Siku hizi mnunuzi huja na bastola ya miale, akailenga kwenye mchanga na kusoma asilimia kwa sekunde chache. Ni chombo kizuri. Ila bastola hiyo hufundishwa kwa sampuli ambazo mtu fulani, mahali fulani, alizipima kwanza kwa kalibu na myeyusho. Na mwenye bastola ni mnunuzi, kama ilivyokuwa kwa mizani. Rubaya iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, nao wakaingia mji wa Walikale Machi 2025, mwezi ambao mgodi wa kampuni ya Alphamin pale Bisie ulisimama kwa muda. Katika hali kama hiyo mchimbaji hana pa kupeleka gramu zake mbili za sampuli apate jibu la pili.

Kwa hiyo nawafikiria walimu wa kemia wa maeneo hayo, ambao wengi huchora bureti ubaoni kwa chaki kwa sababu hawana ya kuishikisha mwanafunzi. Lakini mpira wa dripu wa hospitali una gurudumu la kubana ambalo Mohr angelitambua mara moja, na ule wa watu wazima kwa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita: tone lile lile la 0.05. Bomba la sindano la mililita moja lina mistari midogo kuliko ya bureti. Iodini ipo kwenye duka la dawa. Wanga ni muhogo. Ndimu iliyokamuliwa, tone kwa tone, inatoa vitamini C yake kwa iodini vilevile bati inavyofanya, na inageuka bluu ikiisha. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara kadhaa, akaona matokeo yake yanatofautiana na akatafuta sababu, ataweza kuketi na baba yake wakati karatasi ya mnunuzi inapokuja, akauliza sampuli ilichukuliwa kutoka sehemu ngapi za gunia, ilipimwa mara ngapi, na vipimo vilitofautiana kwa kiasi gani.