Breki za Mkonga: Chuma Kizito Kuliko Matundu ya Urembo

Mwenye mkonga, yaani Land Cruiser pikapu, au Hilux ya kazi anayeishi Bunju, Mabwepande, Mbagala au Chamazi akienda Kariakoo kutafuta diski na pedi za breki, atawekewa mezani maboksi yanayopishana kwa bei, kwa jina na kwa mng'ao. Diski yenye matundu na mistari iliyokatwa ndiyo itakayowekwa juu, kwa kuwa inavutia macho na faida yake dukani ni nzuri. Lakini breki haizuii gari kwa sura. Inageuza mwendo kuwa joto, kisha inalitoa joto hilo hewani, basi. Kwa sababu hiyo nasema wazi tangu hapa: kwa gari la kazi la pembezoni mwa Dar es Salaam, diski inayofaa ni ile isiyo na tundu usoni, yenye nafasi ya hewa katikati, nzito kama ya kiwandani, ikifungwa na pedi za semi-metaliki za daraja linalosomeka. Fedha inayobaki iende kwenye mafuta ya breki, si kwenye urembo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari lenye tani 3 likiteremka mita 100 kwenda chini hutoa nishati ya karibu megajuli 3, sawa na kulisimamisha mara nne kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Tuseme dereva ametegemea breki tupu, bila gia nzito, na diski mbili za mbele zimebeba theluthi mbili ya kazi hiyo. Kama kila diski ina kilo 10, joto lake litapanda kwa nyuzi 210 hivi kabla hatujahesabu upepo unaoipooza. Ikiwa ni nyepesi, ya kilo 8, litapanda kwa zaidi ya nyuzi 260. Hizo ni mita 100 tu, na gari linalotoka Dar likabeba mzigo wa Iringa litashuka Kitonga wakati wa kurudi, mlima ambao haumalizwi kwa mita 100. Atakayejibu kwamba gari lake halivuki Kibaha ana hoja, ila foleni ya Mbagala nayo ni kukanyaga na kuachia kutwa nzima kwa mwendo mdogo usioleta upepo wa kutosha kwenye diski. Na aliyefunga matairi makubwa amejiongezea kazi mwenyewe. Tairi likitoka inchi 31 kwenda 33, nguvu ya breki inayofika barabarani hupungua kwa asilimia 6 hivi, hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Hapo ndipo watetezi wa matundu huinua mkono: je, matundu hayapoozi diski? Yanasaidia kidogo hewa kupita na maji kukimbia, sikatai. Ila kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na tumeona chuma ndicho kinachopokea joto kwanza. Kingo za tundu pia ndiko nyufa huanzia diski inapopata moto na kupoa mara kwa mara. Kwa gari letu kuna la ziada: wakati wa masika tundu hushika tope na vijiwe, na mchanga wa Temeke una chembe za kwazi, madini magumu kuliko chuma cha diski. Chembe zikikaa kwenye tundu zinapitishwa juu ya pedi kila mzunguko. Mistari iliyokatwa ina utetezi bora kidogo, maana inafagia uso wa pedi, ila inaila haraka zaidi. Gari la mashindano hubadilishiwa pedi mara kwa mara. La kubeba tofali na saruji halina ratiba hiyo.

Kuhusu pedi, za seramiki ni tulivu na vumbi lake ni kidogo, zinalifaa gari la familia la Mikocheni. Za oganiki ni laini kwa diski lakini huchoka mapema zikipata moto. Semi-metaliki huvumilia joto, na pingamizi dhidi yake ni la kweli: hula diski na hupitisha joto kwenda kwenye pistoni na mafuta. La kwanza nalikubali kama gharama. La pili lina dawa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa hewa ya pwani unyevu huo haukawii, na mafuta yakichemka pedali huzama hadi chini hata kama pedi ni nene. Kubadilisha pedi na kuacha mafuta meusi ya miaka mingi ni kazi nusu.

Sasa alama. Pembeni mwa pedi nyingi kuna herufi mbili, ya kwanza ikieleza msuguano katika joto la kawaida na ya pili ukiwa moto: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Pedi ya FE hulegea ikipata moto, kwa hiyo FF ndiyo ya kutafuta. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu miezi mingapi. Alama ya E ndani ya duara yenye namba ya kanuni ya 90 inamaanisha pedi imepimwa na haikutofautiana na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika kuzuia gari. Kweli, alama hughushiwa, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kesi hizo, lakini uzito na unene haughushiwi kirahisi. Diski halisi ina kipimo cha unene wa chini kilichochapwa au kusubiwa kwenye chuma chenyewe. Ndicho kinachoamua pia kama ya zamani inaweza kuchongwa. Fundi akichonga hadi kuipita namba hiyo, mtetemo wa breki utatulia kwa wiki chache na diski itakuwa nyepesi zaidi, yaani ile ya hesabu ya juu.

Wanaosema bei ni kubwa wanalinganisha boksi na boksi. Walinganishe diski nzito moja na mbili nyepesi, pamoja na ufundi wa kufungua mara mbili. Kabla ya kulipa, omba diski iwekwe kwenye mzani kando ya ile unayoitoa, na usome unene wa chini. Kama hauonekani popote na muuzaji hawezi kukuonyesha, nenda duka la pili.