Mpira wa Yashin Haukuhitaji Kuwa Dunia

Bango rasmi la Kombe la Dunia la 2018 lilizinduliwa Moscow mwishoni mwa Novemba 2017, na wengi tulifurahi kumwona kipa Lev Yashin akiruka, kofia kichwani. Furaha yangu iliishia kwenye mpira. Mbunifu Igor Gurovich alikuwa amekwishajenga bango safi kwa mtindo wa Kisovieti wa miaka ya 1920 na 1930: mwili umenyooka, mkono mmoja umekwenda mbele, miale inatoka kwenye mpira. Kazi imekamilika hapo. Kisha akaugawa mpira: upande mmoja ngozi, upande mwingine dunia ionekanavyo kutoka angani. Hapo ndipo bango lilipofungwa bao.

Turudishe mkanda. Bango la kipa anayeruka linaishi kwa swali moja: ataufikia au hataufikia? Swali hilo lina nguvu kwa sababu mpira una kasi, ni mdogo kuliko mwili unaoufuata, na kati ya vidole na ngozi pana nafasi ambayo jicho linaipima lenyewe bila kuambiwa. Ukiugeuza mpira kuwa sayari, yote hayo yanakufa. Sayari haikupigwa na mtu, wala haielekei nyavuni. Jicho linaacha kupima nafasi na kuanza kusoma ramani: hili bara gani, Urusi imekaa wapi? Mkono uliotakiwa kupangua shuti sasa unaonekana kupokea mzigo. Nayo miale, ambayo ingebeba kasi ya shuti, inageuka kuwa mng'ao wa kuipamba dunia. Uamuzi mmoja umeua tukio zima, na tukio ndilo lilikuwa bango.

Kosa la pili limo kwenye muongo wenyewe. Mchoraji wa 1928 hakuwa ameiona dunia kutoka angani, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiona. Picha za kwanza kutoka nje ya angahewa zilipigwa mwaka 1946 kwa roketi ya V-2. Gagarin alikwenda angani 1961. Picha ya dunia nzima iliyokaa vichwani mwetu sote, ile ya Apollo 17, ni ya Desemba 1972. Atakayenijibu kwamba hata Yashin alizaliwa 1929, namkubalia, na sina tatizo naye: mtu wa enzi yoyote anaweza kuchorwa kwa mkono wa enzi nyingine. Lakini namna ya kuona ndiyo mtindo wenyewe. Ukiingiza jicho la setilaiti, umeshatoka kwenye muongo uliouazima.

Wapo watakaonikumbusha bango la Viktor Deni la 1920, Lenin akiwa juu ya dunia na ufagio mkononi. Nalikumbuka vizuri, nalo linanisaidia. Dunia ya Deni ina kazi moja: ni mahali pa kusimama ili mtu afagie. Hakutakiwa mtazamaji aione pia kama mpira, au tufaha, au jua. Umbo moja, kazi moja. Kabari nyekundu kwenye bango la El Lissitzky ni kabari, inachoma duara, imekwisha. Kwenye bango la vitabu la Aleksandr Rodchenko la 1924, Lilya Brik anaita kwa sauti na neno lenyewe linatoka kinywani likipanuka kama pembe ya tarumbeta. Ile ndiyo miale! Ukiifuta, neno limefutika nayo. Gustav Klutsis, kwenye kadi za posta za Spartakiada ya Moscow ya 1928, alikata picha za wanamichezo kwa mkasi, akazipanga juu ya rangi chache, na miili ikaenda mbio bila msaada wa alama yoyote.

Nimekwishaliandika hili na nitaliandika tena: mtindo wa muongo hauvaliwi kama shati. Ulizaliwa na vikwazo, yaani rangi chache za wino, mashine za litografia, picha za kukata na kubandika. Vikwazo hivyo viliwalazimisha watu wachague. Ndiyo maana nachoshwa na mabango yetu ya usiku wa zilipendwa Dar es Salaam, yanayopakwa mikunjo na kutu za kompyuta huku juu yake pana rangi kumi na tano na picha za wasanii wanane. Uzee wa karatasi si usanii wa miaka ya 1970. Wachapaji wa wakati ule walitaka bango lao litoke jipya.

Halafu kuna maradhi ya ramani, ambayo mabango ya Kombe la Dunia hayajapona. Mwaka 2010 Afrika ilikuwa kichwa cha mchezaji. Mwaka 2014 ramani ya Brazili ilitokea katikati ya miguu inayogombea mpira. Hizo nazivumilia, kwa kuwa kichwa kile kinapiga mpira na miguu ile inaugombea. Ramani imepewa jezi na inacheza. Ya 2018 imekaa jukwaani. Na ya nini, wakati jina la nchi mwenyeji limeandikwa pale pale?

Anayetaka kujua kipa wa bango anachorwaje arudi kwa Guillermo Laborde, Uruguay 1930. Maumbo bapa, rangi zinazohesabika, herufi zilizochongwa kwa mkono uleule uliochora mwili, na kipa ameufuata mpira mpaka juu kabisa. Mpira ni mpira. Laborde hakuazima muongo wowote, alikuwa ndani ya wake, na bado kazi yake ina nidhamu ambayo Gurovich alikuwa nayo mkononi akaiachia.

Yashin ndiye kipa pekee aliyewahi kutwaa Ballon d'Or ya wanaume, mwaka 1963. Mtu wa kiwango hicho hahitaji sayari ili aonekane mkubwa. Anahitaji shuti gumu. Ngozi tupu, miale, mkono: kwa hivyo vitatu bango la 2018 lingekaa safu moja na la 1930. Kwa mpira ule, linabaki nyuma yake.