Jumla si Ukubwa: Kuhusu Fasili Moja katika Lugha ya C

Wanafunzi wa kompyuta huku kwetu Kasongo na Kabambare husoma kwa Kifaransa, kisha hufafanuliana kwa Kiswahili. Katika ufafanuzi huo imeenea fasili isemayo kwamba ukubwa wa muundo katika kumbukumbu ni jumla ya ukubwa wa viungo vyake. Makala haya yanadai kwamba fasili hiyo haitoshelezi, na kwamba kosa lake limo katika neno jumla.

Tuchukue muundo wa kidahizo cha kamusi wenye viungo vitatu: herufi ya ngeli, namba ya ukurasa, na herufi ya lahaja. Katika mashine nyingi za leo herufi ya aina ya char huchukua baiti 1, na namba ya aina ya int baiti 4. Kwa fasili tajwa tungepata 6, lakini sizeof hujibu 12. Sababu ni kwamba katika mashine hizo namba hupangwa ianzie kwenye anwani iliyo kigawe cha 4. Kwa hiyo baiti 3 huachwa tupu baada ya herufi ya kwanza. Nyingine 3 huachwa mwishoni, ili muundo unaofuata katika safu nao uanzie mahali panapostahili. Tukiitanguliza namba na kuzifuatanisha herufi mbili nyuma yake, ukubwa hushuka hadi 8. Viungo ni vilevile na jumla yake ni ileile; kilichobadilika ni mpangilio tu, jambo ambalo mwanaisimu hapaswi kulishangaa.

Mwandishi wa makala haya naye aliiamini fasili hiyo. Faili lake la vidahizo vya Kiswahili cha Wamaza liliandikwa muundo kwa muundo, kisha likasomwa kwa hatua za baiti 6. Katika kidahizo cha kwanza ni herufi ya ngeli pekee iliyosalimika. Vilivyofuata havikusomeka.

Tunapendekeza basi isemwe kuwa ukubwa ni nafasi yote inayokaliwa na muundo, pamoja na mapengo yake. Nalo neno octet la Kifaransa litumiwe kwa hadhari: lenyewe linataja nane, ilhali kanuni za C, tangu zile za 1989, zinadai tu kwamba baiti isipungue biti 8. Baiti, ingawa ni neno la kukopa, haimfungi msemaji kwa idadi yoyote.