Kipaza Sauti na Mwimbaji Aketiye

Siku hizi mijini kumezuka desturi ya kukusanya waimbaji jioni moja, na kila mwenye wimbo, ajulikane asijulikane, huitwa kwa zamu mbele ya kipaza sauti. Hakuna mashindano wala zawadi. Desturi hiyo imefika kwetu Mara, nasi tuliketi jioni moja Musoma kuwasikiliza waliotoka Bunda, Butiama na mjini penyewe. Wasomaji wetu wengi wana watoto wapendao kuimba, kwa hiyo twaona yafaa kueleza tuliyoyasikia.

Kijana wa Bunda aliyeimba kwa Kijita, na gitaa lake moja, alitupendeza kupita wote. Sauti yake haikuwa kubwa, walakini maneno yalisikika neno kwa neno, naye alijua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Binti mmoja wa Musoma, ambaye bila shaka amelelewa katika kwaya, alipanda juu bila kukaza koo. Wengine, tena ndio wengi, waliimba juu ya muziki uliokwisha kunaswa katika simu. Hatuwalaumu kwa kukosa ala, maana gitaa ni ghali. Lakini muziki wa namna hiyo haumngoji mwimbaji. Akichelewa, chombo hakimjui. Akitaka kurudia ubeti kwa kuwa watu wameupenda, hawezi. Tuliwaona watatu wakikimbizana na simu zao, na mmoja akaachwa kabisa, watu wakacheka. (Kicheko kile hakikuwa cha adabu.)

Shauri kubwa lilikuja alipoitwa mzee mpiga nyatiti kutoka Rorya. Nyatiti, kama wajuavyo majirani wa Wajaluo, ina nyuzi nane, na mpigaji wake hasimami. Huketi juu ya kigoda kifupi, njuga mguuni, na katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo kwayo hugonga mti wa ala ili kushika mwendo. Yaani mguu wake ndio ngoma yake. Kipaza sauti kiliinamishwa hata kinywani, basi. Tulisikia sauti ya mzee ikielea peke yake. Nyuzi tulizisikia kidogo, chuma na njuga hatukuzisikia kabisa. Tena wimbo wa nyatiti husimamishwa katikati ili msikilizaji ajisifu au amsifu rafiki yake na kutoa chochote, ndipo uendelee. Wajaluo huita pakruok. Kwa dakika tano tano neno hilo haliwezekani. Mzee alikatizwa alipokuwa ndiyo kwanza aanze kuwataja waliohudhuria, na vijana nyuma yetu wakasemezana kwamba amechoka, afadhali apumzike nyumbani.

Hakuchoka. Kilichoshindwa ni waya, ila vijana hawakujua, wala hakuna aliyewaambia. Wakitoka hapo na hukumu hiyo, nani kati yao atakwenda kwa babu yake kujifunza?

Mtu aweza kusema kwamba ala za kale mahali pake ni arusini na matangani. Hatukubali. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, aliunda wizara ya utamaduni na vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua dansi za wageni kuliko ngoma za kwao. Na si nyatiti tu. Litungu la Wakurya wa Tarime, nalo lina nyuzi nane na ngurumo nzito. Likiletwa mbele ya kipaza sauti kile kile, litapatwa na yale yale.

Wenye jioni hizo si watu wabaya, na kazi yao ni njema. Wakiweka kipaza sauti cha pili chini, karibu na mguu, na kumpa mwenye nyatiti robo saa badala ya dakika tano, gharama haitawashinda. Kisha wamwendee mzee wamwombe arudi, akikubali.