Usiiamini Lebo Peke Yake

Wakusanyaji wengi wa santuri za jazz husoma lebo kama mwanafunzi mvivu anavyosoma jalada la riwaya: akishaona jina na picha, basi, kitabu kimekwisha. Mimi nasema lebo ni maandishi, na maandishi yanataka uhakiki.

Chukua Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939. Lebo zake za buluu na nyeupe zilibeba anwani ya ofisi. Kwanza 767 Lexington Ave. Kampuni ilipohama, 47 West 63rd. Miaka ya 1960 mtaa ukaondolewa, yakabaki maneno "New York USA". Kwa hiyo "Blue Train" ya John Coltrane, iliyorekodiwa Septemba 1957, ikikujia na "New York USA", ujue hiyo si ya chapa ya kwanza. Rahisi, au siyo?

Si rahisi hivyo, ndugu yangu. Mwaka 1965 kampuni iliuzwa kwa Liberty. Wenye mali wapya wakakuta akiba ya lebo za zamani, wakazibandika kwenye santuri mpya. Kumbe lebo yaweza kuwa ya kweli yenyewe, na bado ikakudanganya kuhusu santuri!

Basi inamisha santuri kwenye mwanga, utazame ile sehemu laini kati ya lebo na mwisho wa muziki. Kiwanda cha Plastylite, kilichoichapia Blue Note kabla ya Liberty, kiliacha hapo alama ya P iliyojikunja kama sikio. Lebo inasema "New York USA" lakini sikio halipo? Shuku Liberty. Na usibabaishwe na jina la fundi Rudy Van Gelder, au herufi RVG. Hizo zinakuambia nani alikata santuri mama tu, na Liberty nao waliendelea kutumia kazi yake.

Sisemi santuri ya Liberty ni takataka. Muziki ni ule ule, na mkato wa Van Gelder ni mzuri popote ulipo. Ninachokataa ni kijana kulipa bei ya chapa ya kwanza kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Nasi tunaoandika tuna tabia hiyo hiyo. Tunasifu kitabu kwa jina la mchapishaji, kurasa hatujazigusa. Jamani, tuanze kutafuta sikio.