Sebule na Jiko: Vyombo vya Nyumbani ni Suala la Siasa

Liko kosa moja linalojirudia katika taarifa nyingi tunazoandika kuhusu hali ya maisha ya wananchi. Kada anatumwa kijijini au mtaani. Anakaribishwa sebuleni, anaketishwa kwenye kochi, anahesabu makochi, meza, kabati na runinga, kisha anarudi ofisini na kuandika kwamba wananchi wamepiga hatua. Jikoni hafiki. Katika makala haya tunakusudia kulikosoa kosa hilo, kwa sababu ni kosa la nadharia na wala si la haraka tu. Anayepima maendeleo ya nyumba kwa kutazama sebule amekwisha kubali, pengine bila kujua, kipimo cha tabaka jingine.

Chombo cha nyumbani ni nini?

Chombo cho chote cha nyumbani kina pande mbili. Upande wa kwanza, ni zao la kazi: yupo mtu aliyefinyanga, aliyesuka, aliyechonga au aliyefua bati. Upande wa pili, ni nyenzo ya kazi. Tumezoea kuziita nyenzo za uzalishaji jembe, plau na trekta. Lakini mahindi hayaliwi yakiwa ghalani. Sharti yapukuchuliwe, yakobolewe, yatwangwe au yasagwe, yapepetwe na kupikwa. Kuni sharti zitafutwe na maji yatekwe. Bila kazi hiyo mkulima harudi shambani kesho, wala mfanyakazi haingii kiwandani. Kwa hiyo kinu, ungo, ndoo, sufuria na jiko ni nyenzo za kuzalisha nguvu-kazi yenyewe. Kwa kuwa kazi hiyo hailipwi mshahara, na kwa kuwa karibu yote hufanywa na wanawake na watoto wa kike, imeachwa nje ya hesabu zetu.

Tukilielewa jambo hili, kipimo sahihi kinajitokeza chenyewe. Mbele ya kila chombo tuulize: kimetengenezwa na nani? Kimepunguza kazi ya nani, na kimeongeza kazi ya nani?

Kabati la vioo

Tuchukue mfano ambao kila msomaji anaufahamu, yaani kabati la vyombo. Limesimama sebuleni, na nyuma ya vioo vyake zimepangwa bilauri, sahani za maua, birika la chai na vikombe vyenye visosi. Juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Vyombo hivyo hutolewa akija mgeni wa heshima, na watoto wamekatazwa kuvigusa. Siku za kawaida familia hulia sahani za bati au za plastiki. Nyuma ya nyumba, mama ameinama mbele ya mafiga matatu, macho yakimtoka machozi kwa moshi.

Hatuandiki haya ili kumcheka mama huyo. Yawezekana alilinunua kabati hilo kwa fedha za upatu alizosubiri zamu yake kwa miezi mingi. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyeitwa boi alisugua vyombo vya bwana hadi vikang'aa, kisha yeye akalia kwenye bati. Kutaka kitu kizuri ndani ya nyumba yako mwenyewe ni kudai heshima, na kada anayeita kila pambo la maskini anasa ajiulize kwanza yeye ameketi juu ya nini. Tunachokosoa ni mpango wa nyumba ambamo chombo kinachoonekana hutangulia, na chombo kinachofanya kazi husubiri.

Mpango huo haukuanza jana. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, matajiri wa Pwani walijenga zidaka ukutani na kupanga ndani yake vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mgeni aliziona kauri na kumsifu mwenye nyumba. Hakuwaona watumwa waliobeba maji, waliotwanga nafaka na kupika. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini mpango wa nyumba ulibaki vile vile. Kidaka kimekuwa kabati, na mahali pa mtumwa amekaa mama mwenye nyumba, ama, katika miji, msichana wa kazi aliyetolewa kijijini.

Tujikosoe wenyewe

Itakuwa unafiki kuilaumu sebule ya mwananchi tusikosoe historia yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa kutumia redio na vikundi vya masomo, iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Vyoo vikachimbwa na mazingira yakasafishwa. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hakuna haja ya kuipunguza. Lakini tulipowafundisha wananchi kuchemsha maji ya kunywa, hatukuuliza kwa uzito wa kutosha kuni za kuchemshia zingeletwa na nani. Agizo lilikuwa sahihi kwa afya, na papo hapo liliongeza mzigo kichwani mwa mwanamke. Afya ilidai sufuria yenye mfuniko, jiko linalobana moto na maji karibu na nyumba. Sisi tulitoa zaidi mafundisho.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla ilianza kushikwa na umma, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ililenga kuweka maduka ya ushirika mahali pa maduka ya watu binafsi vijijini. Kisha matatizo yakafuatana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda tena. Viwanda vikakosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni, sufuria, khanga, blanketi na betri za tochi zilikuwa bidhaa za kupangiwa foleni.

Wapo miongoni mwetu waliosema wakati ule kwamba hivyo ni vitu vya matumizi tu, na kwamba vingesubiri hadi viwanda vya msingi visimame. Nadharia hiyo ilikuwa na upofu. Muungano wa wakulima na wafanyakazi hauishi katika maazimio peke yake. Unaishi pia dukani, pale mkulima anapotoa shilingi alizopata kwa pamba na kupokea khanga iliyofumwa na mfanyakazi. Duka likiwa tupu, shilingi hupoteza maana. Mkulima asiyeona cha kununua hana sababu ya kupanua shamba la pamba. Zao likipungua, fedha za kigeni hupungua, na kiwanda hukosa vipuri zaidi. Hivyo ndivyo ukosefu wa sufuria unavyoweza kurudi na kukipiga kiwanda chenyewe.

Mlanguzi alinenepa katika nafasi hiyo. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi ilifichua bidhaa zilizofichwa, na wananchi waliipokea kwa shangwe kwa sababu dhuluma ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, msako hugawa kilichokwisha tengenezwa, hautengenezi ndoo hata moja. Milango ya biashara ilipolegezwa mwaka 1984, bidhaa zilirudi madukani, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kuzitengeneza ilibaki ng'ambo. Tulipata vyombo bila kupata ufundi wa kuvitengeneza.

Kosa la kuabudu ya kale

Wapo wanaolijibu tatizo hili kwa kutuita turudi kwenye chungu, mkeka na kinu. Tunaheshimu ufundi huo. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na mkeka wa miyaa wa visiwani ni kazi ya akili na macho. Lakini mara nyingi wanaosifu mafiga matatu ni watu wanaopikiwa kwa gesi. Utamaduni hauwezi kuwa jina jipya la moshi. Tuhifadhi ufundi, na ufundi huo uondoe adha.

Mfano wa njia iliyo sahihi zaidi tunao karibu. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwezi Agosti 1981, Kenya ilieneza jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Wazo lilichotwa Thailand, lakini waliolifanya liwe chombo cha watu ni mafundi wa jua kali na wafinyanzi. Tumbo la udongo hushika joto, na mkaa hutumika kidogo kuliko katika jiko la bati tupu. Kwetu, jiko la aina hiyo lilienezwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Jiko Bora. Hapa maarifa ya kigeni yalikutana na mikono ya nyumbani, na faida ikafika jikoni.

Hata jiko hilo lina mipaka yake: mkaa bado ni msitu, na moshi bado ni moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Ndiyo maana mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa nchini mwezi Mei 2024, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, ni wa kuungwa mkono. Na ndiyo maana vile vile utazamwe kwa jicho kali. Mtungi wa gesi ukigawiwa mkutanoni, ukaisha, na fedha ya kuujaza ikakosekana, utafutwa vumbi na kuwekwa karibu na kabati la vioo. Utakuwa pambo jingine, na taarifa itauhesabu.

Wajibu wetu

Kada anayekwenda kukagua hali ya maisha aanzie uani. Aulize kuni zinatoka umbali gani, maji yanatekwa na nani, na mtungi ulijazwa lini mara ya mwisho. Wanafunzi wa siasa wapeleke uchambuzi wao hadi kwenye kinu na ndoo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo, na swali la nani anatengeneza majiko, masufuria na vitanda vyetu halijapata jibu la kutosha. Tutakapoandika taarifa ijayo, sebule iwe ukurasa wa mwisho.